Transfoma Imetripu: Hatua za Kufuata Kabla ya Kurudisha Umeme

Transfoma ikitripu, yaani kinga yake ikiikatia umeme, kila mtu anauliza umeme utarudi saa ngapi. Fundi aulize kwanza ni kinga gani iliyoitoa. Jibu lake ndilo linaloamua kama utafunga breka baada ya nusu saa au kama transfoma itapakiwa kwenye gari kwenda karakana. Na ni jibu ambalo mara nyingi hufutwa na mtu mwenye haraka kabla halijaandikwa popote.

Mwongozo huu ni wa fundi au mhandisi anayesimamia transfoma za mafuta: za kiwandani, za majengo makubwa na za vituo vidogo vya usambazaji, kuanzia za kVA 100 zinazolindwa na fyuzi hadi za MVA kadhaa zenye relei, chombo kinachohisi hitilafu na kuiamuru breka ikate. Kwa hesabu nitatumia transfoma moja ya mfano: kVA 1,000, kilovolti 11 kwa volti 400, kundi la Dyn11 (koili ya juu ya delta, ya chini ya nyota yenye nyutro, zikipishana nyuzi 30), impidansi, yaani kizuizi chake cha ndani kwa mkondo, asilimia 5. Mkondo wake wa mzigo kamili ni ampia 52.5 upande wa msongo mkubwa na ampia 1,443 upande wa msongo mdogo. Namba za transfoma yako zichukue kwenye kibati cha maelezo kilichopigwa ribiti kwenye tangi. Mchoro wa ofisini huenda ni wa transfoma iliyoondolewa zamani.

Hatua ya 1: Soma na uandike kabla ya kufuta

Nenda kwenye paneli ya relei na simu yenye kamera. Piga picha ya kila taa inayowaka, kila kibendera kilichoanguka na kila kilichoandikwa kwenye kioo cha relei. Kama relei ni ya kidijitali, pakua rekodi ya tukio: mikondo ya fezi tatu, mkondo wa ardhi, saa, na muda uliopita tangu relei ianze kuhisi hadi ilipotripu. Kama ni ya zamani, yenye sahani inayozunguka, kibendera ndicho ushahidi pekee ulio nao. Kikirudishwa juu kwa kidole, umebaki na kubahatisha.

Iangalie pia relei ya kufungia, ile namba 86 kwenye michoro. Kazi yake ni kuizuia breka isifungwe mpaka mtu airudishe kwa mkono, na imewekwa hivyo makusudi ili mtu alazimike kufikiri. Mahali ambapo mtu wa zamu anairudisha kila mara kwa sababu "huwa inafanya hivyo tu", pale hakuna kinga, kuna pambo.

Kisha uliza watu. Kulikuwa na radi? Kuna mota kubwa iliyowashwa? Kuna mtu alikuwa anachimba karibu na njia ya kebo? Dakika tano za maswali huokoa saa nyingi za kupima.

Hatua ya 2: Itenge, hakikisha imekufa, itie ardhi

Fungua pande zote mbili, msongo mkubwa na msongo mdogo. Watu wengi hufungua upande wa juu tu wakaona yametosha. Jenereta au mfumo wa sola ukiingiza volti 400 kwa chini, transfoma ile ile itazipandisha zikatoka kilovolti 11 kwenye bushingi za juu (vihami vinavyotoa waya nje ya tangi), na anayeshika bushingi hapo hapati nafasi ya pili. Weka kufuli, weka kibao, na ufunguo ukae na anayefanya kazi.

Pima kwa kipima-msongo kilichotengenezwa kwa kiwango hicho cha volti. Kijaribu kwanza mahali penye umeme unaojulikana, pima transfoma, kisha kijaribu tena, kwa sababu kipimo kilichokufa kinasema "hakuna umeme" popote utakapokiweka. Baada ya hapo tia ardhi pande zote mbili kwa nyaya za muda, na uandike idadi yake. Idadi hiyo utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 3: Fahamu kila kinga inasema nini

Tuanze na mkondo kupita kiasi upande wa juu, kwa kuwa ndio unaotripu mara nyingi zaidi. Shoti ya fezi tatu kwenye terminali za volti 400 za transfoma yetu hutoa karibu kiloampia 28.9, yaani 1,443 gawa kwa 0.05, ukichukulia gridi yenyewe haina impidansi. Ukiuhamishia mkondo huo upande wa kilovolti 11 unakuwa ampia 1,050 tu. Hakuna shoti ya upande wa chini itakayoonekana juu kwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kipengele cha kutripu papo hapo huwekwa kwenye ampia 1,300 au 1,400. Hapo kinaiachia breka ya chini kazi yake, na pia hakisumbuliwi na mkondo wa kuwashia, ule unaovutwa mara transfoma inapowashwa, ambao hufika mara 8 hadi 12 ya mzigo kamili. Basi kipengele hicho kikitripu, usihangaike na bodi za volti 400. Tatizo liko kwenye kebo ya juu, kwenye bushingi au kwenye koili ya juu.

Kikitripu kipengele chenye kuchelewa, soma mikondo ya fezi tatu kwa makini, kwa maana Dyn11 ina tabia yake. Shoti ya fezi kwa fezi upande wa chini huonekana juu kwa uwiano wa 2 kwa 1 kwa 1: kwa transfoma yetu ni kama ampia 1,050, 525 na 525. Shoti ya fezi moja kwa nyutro huonekana kama fezi mbili zenye mkondo sawa, karibu ampia 600 kila moja, na ya tatu ikiwa na mzigo wa kawaida tu. Shoti ikiwa mbali, mwisho wa kebo ndefu, namba hupungua lakini uwiano hubaki. Ukiuona uwiano huo kwenye rekodi, unaujua upande na aina ya hitilafu kabla hujafungua mlango wa bodi.

Muda nao unasema. Tuseme relei imewekwa ampia 70, mkunjo wa kawaida wa IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme), kizidishi cha muda 0.2. Kwa ampia 1,050, yaani mara 15 ya kiwango, itatripu baada ya takriban nusu sekunde. Breka ya chini ilipaswa iwe imeshakata kabla ya hapo, na baina ya hizo mbili hutakiwa nafasi ya sekunde 0.3 hadi 0.4. Kama ya juu imetripu na ya chini imebaki imefunga, kuna mambo mawili ya kuchunguza: mpangilio wa muda umevurugwa, au shoti iko kati ya terminali za transfoma na breka ya chini, kipande ambacho breka ya chini haikioni kabisa. Kagua kipande hicho kwanza. Panya wanakipenda.

Hitilafu ya ardhi upande wa juu ni rahisi zaidi kutafsiri. Koili ya delta haipitishi mkondo wa ardhi wa upande wa chini kwenda juu. Kwa hiyo relei ya ardhi ya kilovolti 11 ikitripu, kosa liko upande wa kilovolti 11.

Relei ya diferensho, namba 87, hulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka. Huwekwa zaidi kwenye transfoma kubwa, tuseme kuanzia MVA 5. Ikitripu kwa haki, hitilafu iko katikati ya transfoma za mkondo (zile ndogo zinazoipimia relei mkondo) za pande mbili, na humo ndimo ilimo transfoma yenyewe. Ila pia ndiyo kinga inayotripu bure kuliko zote pale ilipofungwa vibaya, na kila kosa la ufungaji lina dalili yake:

Ikitripu mara tu breka inapofungwa, bila mzigo, na rekodi ikaonyesha hamoniki ya pili (mkondo wenye masafa mara mbili ya kawaida) kwa wingi, ni mkondo wa kuwashia. Kizuizi cha hamoniki, ambacho mara nyingi huwekwa asilimia 15 hadi 20, kimezimwa au kimewekwa juu mno.

Ikikaa salama bila mzigo, kisha ikatripu mzigo unapopanda, shuku transfoma za mkondo. Upande mmoja ukiwa umegeuzwa, relei inaona mara mbili ya mzigo badala ya sifuri. Kama ni fidia ya kundi la vekta iliyosahauliwa, nyuzi 30 za Dyn11 zinaacha tofauti ya karibu asilimia 52 ya mzigo. Soma mkondo wa tofauti kwenye kioo cha relei wakati transfoma ina mzigo: ukikuta uwiano unaofanana na 2 au 0.52, umeshapata jibu bila kufungua chochote.

Ikitripu wakati wa shoti ya nje tu, huenda transfoma za mkondo zimejaa sumaku. Angalia daraja lake. 5P20 maana yake kosa halizidi asilimia 5 hadi mara 20 ya mkondo wake, ikiwa mzigo wa nyaya haujapita ulioandikwa. Ya kupimia, ya daraja la 0.5, haifai kwenye kinga hata kama uwiano wake ni ule ule.

Sasa Buchholz, ambayo mimi huiamini kuliko zote. Max Buchholz aliibuni huko Ujerumani mwaka 1921, na kimsingi haijabadilika: chombo chenye maboya mawili kwenye bomba linalotoka tangi kuu kwenda tangi dogo la juu. Boya la juu hushuka gesi inapojikusanya, likapiga kengele. La chini husukumwa na mafuta yanayokimbia kwa kasi, takriban mita moja kwa sekunde, likatripu. Haijali mkondo wala transfoma za mkondo. Ni chombo kinachohisi kinachotokea ndani ya mafuta.

Kengele ya gesi peke yake haimaanishi transfoma imekufa. Kama mafuta yalibadilishwa au kuongezwa hivi karibuni, huenda ni hewa iliyobaki. Chukua sampuli ya gesi kwa sirinji kutoka kwenye koki ya relei, transfoma ikiwa imezimwa, uipeleke maabara pamoja na sampuli ya mafuta. Ule mtindo wa kuiwasha gesi kwa kiberiti uone kama inashika moto, uache. Hidrojeni na asetilini hazina mzaha. Hewa haina rangi wala haiwaki. Gesi yenye rangi ya maziwa ni dalili ya karatasi iliyoungua, na nyeusi ni mafuta yaliyopasuliwa na cheche.

Buchholz ikitripu kwa boya la chini, transfoma hairudishwi bila vipimo vyote vya hatua ya 5. Buchholz na diferensho zikitripu pamoja, usifikirie kabisa "kuijaribu mara moja tu". Kufunga breka juu ya cheche iliyo ndani ya mafuta ni njia ya kupasua tangi.

Kuhusu joto: kiwango cha IEC huruhusu mafuta ya juu yapande kelvini 60 na koili kwa wastani kelvini 65 juu ya joto la hewa. Kwa karatasi ya kawaida, doa la moto zaidi likikaa nyuzi 98 insulesheni inazeeka kwa kasi ya kawaida, na kila nyuzi 6 za ziada hupunguza umri wake kwa nusu. Transfoma ikitripu kwa joto wakati mzigo si mkubwa, pita mkono karibu na kila radieta. Radieta inayofanya kazi huwa ya moto juu na vuguvugu chini. Ikiwa baridi kote, valvu yake imefungwa, au mafuta yameshuka chini ya bomba la juu. Valvu zilizosahauliwa zimefungwa baada ya matengenezo nimeziona mara nyingi kuliko feni zilizoharibika.

Valvu ya kupunguza shinikizo ikiwa imefunguka, ichukulie kama Buchholz iliyotripu.

Hatua ya 4: Macho, pua na sakafu

Zunguka transfoma. Tafuta mafuta yaliyotoka, bushingi yenye ufa au mstari mweusi, tangi lililovimba, ndege au mjusi aliyeungua juu ya kifuniko. Silika ya kupumulia (chembe zinazokausha hewa inayoingia kwenye transfoma) ikiwa imetoka bluu kuwa waridi, au imeacha rangi yake ya machungwa, imeshiba unyevu. Angalia aresta, yaani kinga za radi: zile zenye kikatishi hudondosha waya wa ardhi zinapoharibika, na waya unaoning'inia utauona ukiwa chini.

Hatua ya 5: Vipimo, kwa mpangilio huu

Ondoa kebo za juu na chini, ondoa aresta, na uifungue nyutro kutoka ardhini. Hili la mwisho linasahaulika kila siku: fundi anapima koili ya chini kwa megga (kipima-ukinzani wa insulesheni), anapata sifuri, anaitangaza transfoma imekufa, kumbe anapima kipande cha shaba kinachoiunganisha nyutro na ardhi.

Anza na megga. Kwa koili ya kilovolti 11 tumia volti 5,000, kwa koili ya volti 400 tumia 500 au 1,000. Pima mara tatu: juu dhidi ya chini, juu dhidi ya tangi, chini dhidi ya tangi. Soma baada ya dakika moja, kisha iache koili imwage chaji yake kabla ya kugusa. Andika joto la mafuta pamoja na kila namba, kwa sababu ukinzani wa insulesheni hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Megaomu 2,000 kwa nyuzi 20 na megaomu 500 kwa nyuzi 40 ni hali ile ile ya transfoma. Linganisha na rekodi za zamani. Namba moja isiyo na historia haisemi mengi.

Megga ikiwa nzuri, usishangilie. Haioni shoti kati ya mzunguko na mzunguko wa koili moja, na hiyo ni miongoni mwa hitilafu za ndani zinazotokea sana. Kipimo chake ni uwiano wa mizunguko. Kwa transfoma yetu, koili moja ya juu hupokea volti 11,000 na ya chini hutoa 400 gawa kwa kipeuo cha pili cha 3, kwa hiyo uwiano kwa kila fezi ni 47.63. Unaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 0.5, yaani usishuke chini ya 47.39 wala kuzidi 47.87. Pima kila tepu (nafasi ya kurekebisha volti), kila fezi. Fezi moja ikijitenga na wenzake, mizunguko imeshikana.

Kama huna mashine ya kupimia uwiano, kuna njia ya zamani inayofaa: weka volti 400 za fezi tatu, zenye breka ndogo ya ulinzi, kwenye bushingi za juu, na upime chini. Utarajie karibu volti 8.4 kati ya kila fezi na nyutro. Pima pia mkondo unaovutwa kwa juu. Unapaswa uwe mdogo sana, na koili yenye mizunguko iliyoshikana hujitambulisha kwa kuvuta zaidi ya wenzake. Nasisitiza: volti 400 ziwekwe juu. Ukizikosea ukaziweka chini umetengeneza kilovolti 11 mbele ya pua yako.

Kisha ukinzani wa koili, kwa mashine ya mkondo mnyoofu wa ampia kadhaa. Tofauti ya zaidi ya asilimia 2 kati ya fezi itafutiwe sababu. Kwa upande wa chini, sababu mara nyingi ni boliti ya bushingi iliyolegea. Upande wa juu shuku swichi ya tepu: izungushe kwenye nafasi zake zote mara chache, transfoma ikiwa imezimwa, kisha pima tena, mara nyingi utando wa kutu kwenye vigusi huondoka na namba zikarudi. Usichomoe nyaya za kipimo kabla mashine haijaonyesha kwamba koili imemwaga nguvu yake. Koili kubwa huhifadhi nguvu ya kutosha kukurusha kutoka kwenye ngazi.

Mwisho ni mafuta. Kipimo cha volti ya kupasuka hufanywa kwenye nafasi ya milimita 2.5, mara sita, ukachukua wastani. Kwa transfoma za kiwango chetu zilizo kazini, chini ya kilovolti 30 ni mabaya. Ila kipimo hiki kinaona maji na uchafu. Mafuta yaliyopita cheche jana yanaweza kufaulu vizuri tu leo. Anayejua kilichotokea ndani ni kipimo cha gesi zilizoyeyuka. Asetilini inasema kumekuwa na cheche au joto linalopita nyuzi 700. Ethilini nyingi ni chuma au kiungio kilichochemka. Hidrojeni na methani kidogo kidogo ni umeme unaovuja polepole kwenye insulesheni. Kaboni monoksidi inagusa karatasi. Maabara nyingi hutumia pembetatu ya Duval, iliyobuniwa na Michel Duval miaka ya 1970, inayotumia methani, ethilini na asetilini peke yake. Sampuli ichukuliwe kwa sirinji ya kioo, bila povu hata moja, ikafichwe jua. Ukiileta kwenye chupa ya maji ya kunywa, maabara itapima historia ya chupa.

Kama tatizo lilikuwa shoti ya upande wa chini, imeshapatikana na kutengwa, huna haja ya kupitia vipimo hivi vyote usiku huo huo. Ukaguzi wa macho na megga vinatosha kwa transfoma ndogo. Kwa kubwa, ongeza uwiano, ukinzani na sampuli ya mafuta, kwa kuwa nguvu zinazosukuma koili huongezeka kwa mraba wa mkondo: shoti ya mara 20 husukuma mara 400. Transfoma iliyopigwa shoti za karibu mara nyingi inaweza kuwa na koili zilizosogea ambazo megga haitaziona.

Hatua ya 6: Kama ni ya nguzoni, yenye fyuzi

Hapa hakuna rekodi ya relei, lakini kuna multimita. Mteja anasema taa nyingine zinawaka hafifu. Pima chini kabla hujapanda.

Ukipata 230 kwenye fezi moja na karibu 115 kwenye mbili zilizobaki, fyuzi moja ya juu imekatika. Hakikisha kwa kupima fezi kwa fezi: utapata kama 345, 345, na karibu sifuri. Mzigo usipolingana zile 115 mbili hugawana vingine, labda 90 na 140, lakini jumla yake hubaki 230. Kwa upande mwingine, ukikuta fezi moja ina 300 na nyingine 150, huku fezi kwa fezi zote ni 400, fyuzi ni nzima: nyutro imeachia. Zima mara moja, maana vifaa vya watu vinaungua.

Fyuzi ya juu haipo kwa ajili ya mzigo kuzidi. Ipo kwa ajili ya shoti. Inatakiwa istahimili kuwashwa: mara 12 ya mzigo kamili kwa sekunde 0.1, na mara 25 kwa sekunde 0.01. Kwa transfoma ya kVA 100, yenye ampia 5.25 kwa kilovolti 11, hizo ni ampia 63 na 131. Linganisha na mkunjo wa fyuzi uliotolewa na mtengenezaji. Ikikatika moja, badilisha zote tatu, kwa sababu zile mbili zilizobaki zimepitishiwa mkondo ule ule zikalegea. Na anayeweka waya wa shaba "kwa muda" ameshaigeuza transfoma yenyewe kuwa fyuzi.

Fyuzi zikikatika kila msimu wa radi, angalia urefu wa nyaya za aresta kabla ya kulaumu fyuzi. Kila mita ya waya huongeza takriban kilovolti moja juu ya ile ambayo aresta inaizuia, na zaidi radi ikiwa kali. Aresta ifungwe kwenye tangi lenyewe, karibu na bushingi, na waya wake wa ardhi uunganishwe na tangi kwa njia fupi. Aresta iliyokaa mita tano juu ya mkono wa nguzo inajilinda yenyewe.

Hatua ya 7: Transfoma nzima, kinga ndiyo mbovu

Vipimo vyote vikiwa vizuri na mafuta hayana asetilini, rudi kwenye relei. Kagua uwiano wa transfoma za mkondo ulioandikwa kwenye relei dhidi ya ule ulio kwenye kibati. Kagua boliti za terminali. Kagua kama maji yameingia kwenye kisanduku cha Buchholz, kwa sababu tone moja kwenye vigusi hutripu kama hitilafu ya kweli. Kabla ya kuchomoa waya wowote wa transfoma ya mkondo yenye mkondo, ifunge shoti kwenye terminali zake. Ikiachwa wazi hutoa volti elfu kadhaa na huungua.

Kupandisha viwango vya relei "ili isisumbue" ni jambo la kufanya baada ya hesabu iliyoandikwa na kusainiwa. Asubuhi yenye presha, na bosi amesimama mlangoni, si wakati wake.

Hatua ya 8: Kurudisha umeme

Rudisha nyutro ardhini, rudisha aresta na kebo, toa hewa kwenye Buchholz, fungua valvu zote za radieta na ile iliyo kati ya tangi na tangi dogo. Baada ya kipimo cha ukinzani, kiini hubaki na sumaku. Mashine nyingi zina kitufe cha kuiondoa, kitumie, la sivyo mkondo wa kuwashia utakuwa mkubwa kuliko kawaida. Hesabu nyaya za ardhi za muda ulizoziondoa na ulinganishe na idadi uliyoiandika hatua ya 2. Hakikisha njia za kutripu zimerudishwa, zote.

Watu wakae mbali. Funga upande wa juu kwanza, wa chini ukiwa wazi. Mngurumo mkubwa wa sekunde chache ni wa kawaida. Mlio wa kupasuka au wa mafuta kuchemka si wa kawaida. Kama kuna transfoma nyingine kwenye baa hiyo hiyo ya umeme, usishtuke ikinguruma nayo, kwa kuwa mkondo wa kuwashia wa jirani huiamsha.

Pima chini: fezi kwa nyutro, fezi kwa fezi, na mzunguko wa fezi kama nyaya ziliguswa. Iache bila mzigo angalau nusu saa, kisha ongeza mzigo kidogo kidogo ukifuatilia joto na mkondo wa tofauti kwenye relei. Baada ya saa 24 chukua sampuli nyingine ya mafuta na uilinganishe na ile ya kwanza. Asetilini ikiwa imeongezeka, hata kidogo, itoe tena kazini siku hiyo hiyo.